Anti, garage imejaa nguo za msaada, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi mama wa watoto wawili, niko Leicester, Uingereza. Ile Disemba 2023 matope yaliposhuka mlima Hanang yakafunika Katesh, sisi Watanzania wa huku tulichanganyikiwa kabisa, siku hiyohiyo tukafungua grupu la WhatsApp na wiki mbili hazijaisha garage ya shemeji ikajaa nguo, viatu, mablanketi, hadi vitanda vya watoto. Kutuma sasa ndo ikawa kizaazaa. Hela ya kontena haikutimia, na nyumbani kila tukimpigia mtu anasema subirini nawaunganisha na fulani. Mpaka leo kuna magunia kama 40 yamebaki na shemeji anataka garage yake. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa moyo, maana wengine waliishia kuweka picha ya mshumaa kwenye status.

Mimi nilishawahi kukaa upande wa wanaopokea. Kuna mwaka nilijitolea kupanga misaada kwenye ghala moja, siku ya kwanza nikapewa viatu. Gunia zima la viatu havijafungwa pamoja! Cha kushoto kiko huku cha kulia kiko gunia la tano, tukakaa chini watu sita tunaoanisha kama tunacheza karata, mpaka saa saba mchana tumepata pea 31 na humo kuna viatu vya kisigino kirefu vya kwendea harusini, na muda wote huo mlangoni kuna mama anaulizia sufuria tu, sufuria na ndoo. Hakuna aliyetuma sufuria.

Kosa lenu mlianza na gunia, mpokeaji mkamtafuta baadaye. Kontena haliendi "kwa wahanga wa Hanang", linakwenda kwa jina lililoandikwa kwenye bill of lading, ile hati ya mzigo wa meli, na huyo ndo atakayeulizwa na TRA, watu wa kodi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inasamehe kodi mizigo ya maafa, lakini aingize serikali au wakala wake, au shirika lililokubaliwa na wanaosimamia maafa, ambao kwa Tanzania ni Ofisi ya Waziri Mkuu, tena ndani ya miezi 6 isipokuwa mmeongezewa muda. Binamu yako wa Mbagala hayumo humo hata awe mwaminifu vipi. Mzigo ukija kwa jina lake unahesabika mtumba wa kawaida, wakati anahangaika kuutoa bandarini gharama ya storeji inahesabu, na TBS, wale wa viwango, wakikuta nguo za ndani zilizovaliwa hapo hakuna cha msaada, ni marufuku.

Halafu muda. Kipindi kilekile meli nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kama siku 10 hadi 14 zaidi. Kwahiyo hata mngepakia Krismasi, aliyelala kwenye darasa la shule Katesh usiku ule wa baridi blanketi lenu lingemkuta ameshahama. Kwa usiku ule ni blanketi la Babati au Singida tu, la kupakia asubuhi likafika mchana.

Na hili la nguo niseme tu, hata kama mtanuna. Mtumba ulishafika Hanang kabla yenu. Mnadani unachagua sweta la mtoto kwenye lundo, unabishana bei, unaondoka nalo, na aliyekuuzia naye ana watoto. Ninyi mnalipia meli, bandari na lori kutoka Dar mpaka kule mkapeleke kitu ambacho kiko mnadani! Afadhali hiyo nauli ya kontena mngeituma kama hela.

Siku nyingine anzeni na shirika lenye usajili lililopo palepale, waambieni watume orodha ya wanachohitaji kwa maandishi, na kisichokuwemo msipokee hata kama kaleta mchungaji au imamu. Mkipata orodha, boksi moja kitu cha aina moja, viatu vifungwe kwa kamba zake, na muandike kwa maka peni pande mbili na juu, "sweta, watoto miaka 4 hadi 6, 50", sio "nguo mbalimbali". Hiyo "nguo mbalimbali" ndo iliyonikalisha mimi chini na viatu.

Hayo magunia 40 mliyonayo uzeni, huko si mna yale masoko ya Jumapili watu wanauza vitu kwenye buti la gari? Shemeji apate garage yake. Watangazieni waliochanga kabla hamjauza lakini, maana wabongo tunajuana.

SWALI: Anti sisi tuko Muscat, tunataka kutuma dawa na maziwa ya kopo ya watoto kwenye mafuriko yakitokea nyumbani. Inafaa?

JIBU: Maziwa ya kopo hapana. Mafuriko yameshachafua maji, mama anakoroga maziwa kwa maji hayohayo na mtoto anaharisha, ndo maana UNICEF na WHO hawataki yagawiwe kiholela. Dawa ni kwa kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na WHO wanataka zikifika ziwe na angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda, kwahiyo vile vidonge vilivyobaki kabatini baada ya mafua viacheni hukohuko. Baada ya tsunami ya 2004, Aceh kule Indonesia walipokea dawa kama tani 4,000 kwa watu wasiofika milioni 2, nyingi zimeandikwa lugha wasiyoisoma, na kuziteketeza ikawa gharama nyingine.

SWALI: Anti unasema hela hela, hela si zinaliwa? Blanketi angalau naliona. Msomaji, Ilala.

JIBU: Sikubishii. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016 Rais Magufuli alitengua viongozi kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina kama la kamati ya maafa, kwahiyo hofu yako ina historia. Ila blanketi nalo unaliona mpaka getini kwako tu, likishapanda lori hulioni tena na halina risiti. Hela andikeni jina la akaunti na namba kwenye grupu, watoa saini wawe watatu na mmoja awe yule mbishi wenu anayeuliza maswali kila kikao, kisha duka la magodoro kulekule lilipwe moja kwa moja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ipigwe picha irushwe grupuni siku hiyohiyo, na isiporushwa muulizeni yule mbishi.