Nyatiti na Radi: Kwa Wanaotaka Kutunga kwa Sauti za Angani

Vijana wa studio hapa Kisumu wakisikia nyatiti yangu, ala ya Kiluo ya nyuzi nane, ikienda na sauti za mawimbi ya redio yanayotolewa na radi, wengi huniuliza watapata wapi ile miluzi mirefu inayoteremka, waliyoisikia mtandaoni. Nawaambia wasihangaike kuisaka huku. Mluzi ule ni mawimbi ya radi yaliyotoka nje ya angahewa, yakafuata mistari ya usumaku wa dunia hadi upande wa pili. Masafa ya juu, yaani mitetemo ya kasi, hutangulia, ya chini huchelewa, ndiyo maana sauti inashuka. Karibu na ikweta mistari hiyo haipandi mbali, kwa hiyo miluzi kwetu ni adimu. Ukiitaka sana, tumia rekodi za vyombo vya angani. Mwanafizikia Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa alikusanya nyingi, na mtunzi Terry Riley akazitumia katika Sun Rings, kazi aliyowatungia Kronos Quartet, kundi la wapigaji wanne wa ala za nyuzi, mwaka 2002.

Sisi mali yetu ni radi, na Ziwa Victoria halitunyimi. Usiku ngurumo huhamia juu ya maji. Waya mrefu, kikuza sauti kidogo na kinasa sauti vinatosha; mawimbi yenyewe yako kwenye masafa ambayo sikio linaweza kusikia, yakishageuzwa tu kuwa sauti. Mchana utasikia mchakacho kama wa ngege akitiwa kwenye mafuta ya moto. Usiku unakuja uhondo: wimbi linadundadunda kati ya ardhi na ionosfia (tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme), linatoa "pyuu" fupi, linashuka na kuning'inia karibu na hezi 1700, yaani mitetemo 1700 kwa sekunde.

Hapo ndipo pa kutungia. Oktava tatu chini yake ni kama hezi 212, chini kidogo ya noti ya A. Kaza uzi mmoja wa nyatiti hapo, wala usiufuate mtambo wa kupimia noti. Radi ikilia, uzi unaiitikia.

Adui yako ni stima. Mvumo wake wa hezi 50, pamoja na 100, 150 na kuendelea, unafunika kila kitu. Wengine huuchuja kwa programu. Mimi sipendi, maana sauti inabaki imekauka. Afadhali upande matatu hadi Seme, utembee mpaka nguzo na transfoma ziwe mbali. Lakini ukisikia ngurumo kwa masikio yako, kunja waya uondoke. Mawimbi haya husafiri maelfu ya kilomita, kwa hiyo dhoruba ya mbali inakutosha. Kufa kwa ajili ya wimbo ni ujinga.

Ngoma za kompyuta usiziweke. Radi haina mdundo, na ukiikatakata ili ifuate mdundo wako, basi ungetumia kayamba tu. Acha rekodi itiririke, mpigaji aisikilize na kuingia panapomfaa. Gara, yaani njuga za mguuni, nazo hugongana na mchakacho wa radi, sauti zote zikiwa za juu, hivyo mwombe mpigaji azivue na abaki na oduong'o, pete ya chuma ya kidole cha mguu anayogongea nyatiti. Mzee ninayepiga naye alikataa katakata. Tulikubaliana azivae ubeti wa mwisho, nami hapo naishusha radi.