Nilivyoacha kununua kila kilichoniita Mwanjelwa

Ninashona nguo Mwanjelwa, hapa Mbeya, huu ni mwaka wa 9. Nyumbani ni Sae. Kila siku ninapita sokoni mara mbili, asubuhi nikiingia na jioni nikitoka, na kwa miaka mingi jioni ndiyo iliyokuwa ikinimaliza.

Mwezi wa Julai, miaka 3 iliyopita, akina mama sita waliniletea kazi ya sare ya harusi. Kila mmoja alitoa kianzio cha 20,000, nikawa na 120,000 mkononi. Fundi yeyote anajua kwamba kianzio si pesa yake. Ni pesa ya bitana, zipu na uzi. Nikafunga chumba saa 10 jioni nikaenda kununua bitana. Njiani nikakuta kijana amefungua balo la mablanketi. Baridi ya Julai hapa kwetu haina mjadala, na wanangu walikuwa wanalala na blanketi moja. Nikachukua la 25,000. Nilipokwisha kuifungua pochi, mkono ukawa mwepesi. Sweta mbili za watoto, 8,000. Kisha dada mmoja alikuwa amepanga hotpoti chini, seti moja yenye hotpoti tatu, akaniita kwa sauti nzuri kabisa, "Njoo fundi wangu, nikupe bei ya asubuhi." Nikatoa 35,000.

Nilifika duka la vitambaa nikiwa na 52,000. Bitana na zipu za watu sita zilikuwa 70,000.

Ile 18,000 iliyopungua niliikopa kwenye simu, dakika mbili tu ikaingia, na riba yake nikailipa kwa kianzio cha mteja mwingine. Huyo naye kazi yake ikachelewa. Zile sare zilitoka Ijumaa usiku, harusi ikiwa Jumamosi asubuhi. Mama mmoja akaniuliza taratibu, bila kugomba, "Fundi, kitambaa tumekuletea wiki tatu zilizopita. Ulikuwa unangoja nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu lilikuwa mezani kwangu nyumbani, hotpoti tatu mpya zikiwa bado zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Wawili kati ya wale akina mama hawajarudi kwangu mpaka leo.

Ninaandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu, akina dada wa saluni, mama lishe, madereva wa bajaji, na yeyote ambaye pesa inamjia kila siku kidogo kidogo. Ushauri mwingi wa matumizi umeandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Watu waliniambia, andika bajeti ya mwezi. Niliandika, mara tatu. Haikuwahi kufika tarehe 5. Leo ninapata 5,000, kesho 40,000, keshokutwa umeme umekatika siku nzima na sijapata kitu. Mwezi wa namna hiyo unaupangaje kabla haujatokea?

Kilichonisaidia ni kuandika kinyumenyume. Nilinunua daftari dogo nikaanza kuandika yale niliyokwisha kuyatumia, na pembeni ya kila kitu ambacho sikukusudia kukinunua nikaandika saa, mahali, na nilikuwa katika hali gani. Hiyo safu ya mwisho usiiache. Mimi naiona ina thamani kuliko hesabu yenyewe.

Mwezi wa kwanza wa daftari, vitu nisivyokusudia vilifika 94,500. Mitumba 31,000. Soda, maandazi na chipsi 26,000. Vyombo vya ndani 22,000. Bando la kuongezea katikati ya siku 15,500. Kodi ya chumba changu cha kushonea wakati huo ilikuwa 50,000, na kila mwezi nilikuwa ninamkwepa mwenye nyumba.

Lakini ile safu ya pembeni ndiyo iliyonifungua macho. Karibu vitu vyote vya mitumba nilivinunua kati ya saa 11 na saa 12 jioni, nikingoja daladala. Mara nyingi nilikuwa sijala tangu chai ya asubuhi. Vyombo nilivinunua siku ambazo mteja aliyenizungusha muda mrefu amelipa, maana moyo unasema, "Leo na mimi nijifurahishe." Na mara nne niliandika "nimegombana na baba watoto." Miaka yote nilijiita mtu wa tamaa. Daftari likaniambia jambo jingine kabisa. Nilikuwa mtu mwenye njaa na uchovu, nimesimama na pesa zote za siku mbele ya watu ambao kazi yao ni kuita.

Basi nikaanza na chakula. Saa 7 mchana ninakula wali maharage kwa mama lishe wa hapo hapo, hata kazi iwe imebana vipi. Wapo watakaosema hilo nalo ni kuongeza matumizi. Ndiyo, na ninaitoa pesa hiyo kwa moyo mweupe, kwa sababu tumbo likishiba nusu ya vitu vya jioni havinivuti tena.

Pili, nikabadilisha njia. Jioni sipiti tena katikati ya mitumba. Ninatokea upande wa barabara kuu, ninatembea mpaka Mafiati, ninapandia gari huko. Ni mwendo mfupi tu, nami nilihitaji kuunyoosha mgongo baada ya kuinamia cherehani siku nzima.

Tatu ni pesa yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Rungwe, akiuza ndizi soko la Kiwira. Hakuwa na pochi. Pesa yake ilikaa kwenye pindo la khanga, na hakuifunga fundo moja. Pindo hili fundo la chumvi na sabuni, pindo lile fundo la mafuta ya taa, na la nauli alilifunga peke yake. Nikiwa mtoto nilimwomba sambusa tukiwa njiani kurudi. Akanionyesha mafundo yake moja moja, akaniambia la sambusa hakulifunga asubuhi. Nililia. Aliyekuwa akiuza sambusa akanimegea kipande, bibi akamwambia "ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, tukaendelea na safari. Fundo lilikuwa gumu pia, alilifungua kwa meno, na wakati huo wote mtu ana nafasi ya kufikiri.

Simu imelifuta fundo hilo. Namba ya siri, basi, imekwenda. Kwa hiyo nimeyarudisha mafundo kwa bahasha za kaki. Mteja akitoa kianzio, pale pale mbele yake ninaandika jina lake juu ya bahasha, ninaingiza pesa, na bahasha inakaa na kitambaa chake ndani ya mfuko mmoja. Siku ya kwenda kununua bitana ninabeba bahasha hiyo tu, pamoja na nauli. Pesa ya ufundi, ile iliyo yangu kweli, ninaigawa jioni kabla sijafunga mlango. Ya chakula cha nyumbani inatangulia, ya kodi inafuata, kisha ya kikoba. Inayobaki ndiyo ninayotembea nayo. Siku nyingine ni 1,500, na mtu akiniita ninamwambia ukweli kwamba sina.

Zile za kodi na kikoba ninaziweka kwa wakala kwenye laini ya pili, ambayo simu yake inabaki nyumbani. Kuweka hakuna makato, kutoa kuna makato. Zamani makato hayo yalinikera sana. Sasa ninayaona kama mlango wenye kitasa kigumu, maana ili kuitoa 10,000 ni lazima nirudi Sae, niitafute simu, nimfuate wakala, kisha nikatwe. Blanketi gani litangoja hayo yote?

Jambo lililonisumbua kuliko yote ni la kukopeshwa. Yupo dada anayeleta vitenge kutoka Tunduma, anapita kwa mafundi na maofisini, anaacha mzigo, unalipa kwa awamu mbili. Ni mtu mwema na tunapendana. Neno lake ni "Chukua tu, utanilipa." Kumkatalia kulikuwa kunaniumiza kuliko kumlipa. Nilijifunza kumjibu mapema kabla hajafungua mfuko, "Dada, mzigo wako ni mzuri, ila mwezi huu sijaupangia. Nikaribie mwezi wa kumi." Kitenge kikishafunguliwa na kuwekwa begani kwako, umekwisha. Na ukisema mwezi wa kumi, mwezi wa kumi ufike nawe umeiweka pesa yake, usimfanye azoee kwamba maneno yako ni ya kumwondoa tu.

Hata sokoni sote tuna maneno yetu ya kujitoa, "Nazunguka kwanza, nitarudi." Tunayasema kwa adabu tu bila nia ya kurudi. Mimi niliamua kuyachukua kama yalivyo. Nikipenda kitu, ninasema nazunguka, ninakiandika nyuma ya daftari na bei yake, kisha ninalala nacho siku tatu. Muuzaji atakwambia hutakikuta, na ni kweli, mtumba mzuri haulali. Kubali upotee. Mwaka wa kwanza niliandika vitu 17 namna hiyo. Nilivirudia vinne, navyo vyote ninavitumia mpaka sasa. Vingine nikivisoma leo, sikumbuki hata rangi yake.

Kuna kitu kimoja ambacho bado ninakibishania na wenzangu, nacho ni kununua kwa jumla. Mafuta ya kula ya kupimiwa ya 500 kila jioni yanaumiza kweli. Nilikusanya vipimo hivyo kwenye chupa ya lita moja, nikatumia vipimo 12 kuijaza, yaani 6,000, wakati kwenye duka lile lile lita nzima ilikuwa 5,000. Kwa mafuta, sukari, na mchele wakati wa mavuno ya Kyela na Usangu, jumla inalipa. Lakini usiigeuze kuwa sababu ya kununua kila kitu. Nilipeleka pesa ya kikoba Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, nikarudi na sabuni za maji za miezi sita kwa kuwa ziliuzwa kwa bei ya maonyesho. Ndoo ikiwa imejaa sabuni nyumbani, kila mtu anamimina. Haikumaliza miezi miwili.

Sasa tumeingia Desemba, na kwa fundi hii ndiyo miezi hatari. Kazi za Krismasi zinafuatana na sare za shule, kikoba kinavunjwa, pesa inaingia kila saa, na kila siku inaonekana kama haitakwisha. Januari nimeiona mara nyingi ilivyo. Kwa hiyo kila Jumamosi ninapanda gari la Uyole kwa mama mkwe wangu nikiwa na bahasha moja, nimeandika juu yake "ada na madaftari." Tumekubaliana asinipe kabla shule hazijafungua. Wiki iliyopita nilipungukiwa nikamwomba 20,000 tu, akaniwekea chai, akaniuliza hali za watoto, na bahasha hakuitoa.