Kloja katika JavaScript: funksheni hushika kigeu chenyewe

Anayesumbuliwa na kloja (closure, yaani funksheni pamoja na vigeu vya mahali ilipoandikwa) mara nyingi anaamini kwamba funksheni, pale inapoundwa, hunakili thamani zilizopo wakati huo. Hainakili. Hubaki imeshika vigeu vyenyewe vya mahali ilipoandikwa, na husoma thamani itakayokuwemo pale itakapoitwa.

```
function undaKihesabu() {
  let idadi = 0;
  return () => ++idadi;
}
const a = undaKihesabu();
const b = undaKihesabu();
a(); // 1
a(); // 2
b(); // 1
```

`undaKihesabu` imeshamaliza kazi, lakini `idadi` ingali hai kwa kuwa funksheni iliyorudishwa bado inaihitaji. Kila mwito huzaa `idadi` yake mpya, ndiyo maana `b` inaanzia 1. Msimbo wa nje hauna njia ya kuigusa isipokuwa kupitia funksheni hiyo.

Sasa mtego unaonasa wengi:

```
for (var i = 0; i < 3; i++) {
  setTimeout(() => console.log(i), 0);
}
```

Matokeo ni 3, 3, 3. `var` haifungwi na mabano ya kitanzi, hivyo funksheni zote tatu zimeshika `i` ileile moja. Usidhani tatizo ni muda: hata ukiweka sifuri, `setTimeout` husubiri msimbo unaoendelea umalizike kwanza, na kufikia hapo `i` ni 3. Andika `let` badala ya `var`, upate 0, 1, 2, kwa sababu kila mzunguko hupewa `i` yake. Lakini `let` hiyo iwe ndani ya mabano ya `for (...)`. Ukiitangaza mstari mmoja juu ya kitanzi, 3, 3, 3 zinarudi, na hapo ndipo utajua nani ameelewa na nani amekariri. Kwenye msimbo wa kabla ya 2015, `let` ilipoingia rasmi, utakuta mwili wa kitanzi umefungiwa ndani ya funksheni inayojiita papo hapo. Lengo ni hilohilo.

Kuhusu kumbukumbu, kuwa mwangalifu na `addEventListener`, inayosajili funksheni iitwe tukio kama kubofya linapotokea. Maadamu funksheni uliyoisajili ingali inafikika, data ambayo funksheni hiyo imeishika haiwezi kufutwa, hata iwe safu yenye vipengele milioni moja. Kuiondoa kwa `removeEventListener` kunahitaji funksheni ileile. Ukiandika upya funksheni isiyo na jina, hata herufi zikifanana zote, hiyo ni nyingine na hakitaondolewa chochote, wala hutaona kosa. Ihifadhi kwanza kwenye `const`.

Ukitaka kuiona kloja kwa macho, weka `debugger;` (amri ya kusimamisha msimbo hapo) ndani ya funksheni ya ndani, fungua zana za wasanidi za Chrome, kisha tazama sehemu ya Scope. Ukikosa kigeu ulichotarajia, huenda hakuna funksheni ya ndani inayokitumia: injini ya V8, inayoendesha JavaScript ndani ya Chrome, huhifadhi vinavyotumika tu.