Barua kwa mwanangu: boa yupi wa kufuga Minneapolis

Voi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na baba yako anakusalimu, ingawa ameniomba niandike wazi kwamba yeye hamo katika shauri hili la nyoka. Barua yako nimeisoma. Unasema kwamba huko Minneapolis, Marekani, baada ya zamu za hospitali unarudi kwenye nyumba ya chumba kimoja usikokutana na mtu, kwamba mwenye nyumba amekuruhusu kufuga mnyama asiyepiga kelele, na kwamba umewaona boa wa aina tatu: boa wa upinde wa mvua wa Brazili, boa wa Amerika ya Kati, na boa wetu wa mchangani. Moyo wako umemwangukia wa kwanza, lakini unataka kusikia neno la mama yako aliyekula mshahara wa kutunza nyoka hadi alipostaafu.

Neno langu ni kwamba umwache huyo wa upinde wa mvua, umchukue dume wa boa wa Amerika ya Kati, tena wa zile koo za visiwani ambazo hazikui sana. Sababu yangu kubwa ni hewa ya nyumba yako wakati wa baridi, wala si tabia ya nyoka.

Sikulaumu kwa kumpenda boa wa upinde wa mvua. Mwili wake una rangi ya chungwa iliyoiva yenye duara nyeusi mgongoni, na mwanga ukimpiga magamba yake hung'aa buluu na kijani kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya dimbwi. Rangi hiyo ya juu haipakwi na kitu chochote; hutokana na vijimatuta vidogo mno vilivyo juu ya gamba, ambavyo huupasua mwanga. Lakini nyoka huyu ni wa misitu ya Amazoni na nchi jirani kama Guyana na Suriname, mahali ambapo hewa haikauki, na mfugaji wake hulazimika kuuweka unyevu wa kizimba kwenye asilimia 75 au zaidi, na kwa mtoto wa nyoka karibu asilimia 90, mchana na usiku, mwaka mzima.

Sasa ifikirie Januari ya Minneapolis. Hewa ya nje yenye baridi ya nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri hubeba mvuke kidogo sana, na hewa hiyo hiyo ikiingia ndani na kupashwa joto hadi nyuzi 21 haiongezewi maji yoyote, kwa hiyo unyevu wa chumba unaweza kushuka chini ya asilimia 30 bila wewe kuona dalili nyingine ila midomo yako kupasuka. Nyoka wa Amazoni akikaa katika hewa hiyo hupungukiwa na maji, hujivua gamba vipandevipande, vifuniko vya macho vikabaki vimeganda, na mapafu yakaanza kumsumbua. Utasema utaziba matundu ya kizimba na kunyunyiza maji. Hapo ndipo wengi huingia shida ya pili, kwa sababu unyevu mwingi katika hewa isiyotembea huleta ukungu, malengelenge kwenye ngozi ya tumbo na homa ya mapafu. Kuna njia ya kati, nayo ni kizimba cha plastiki badala ya kioo, udongo mzito unaoshika maji, na sanduku la kujificha lililojazwa kuvumwani. Lakini njia hiyo yataka jicho la kila siku, na wewe unaweza kuondoka alfajiri ukarudi usiku. Isitoshe, huyu havumilii joto. Upande wake wenye joto unapaswa kuwa kwenye nyuzi 29 au 30 tu, na ukipita 32 kwa muda mrefu umemhatarisha. Mnyama asiyesamehe ukavu wala joto si wa kuanzia kwa mtu mwenye ratiba kama yako.

Boa wa mchangani ni mwenyeji wa huku kwetu, na huenda ndiye uliyedhani nitamtetea. Anapatikana kuanzia Misri hadi kaskazini mwa Tanzania, na katika nchi hii kavu ya Tsavo watu wengi humuua wakimdhania moma, kwa kuwa ni mnene, mfupi na ana mabaka, ingawa hana sumu hata chembe. Jike hufikia sentimita 60 au 70, mara chache zaidi ya hapo, na dume hukomea karibu 40. Ukavu wa nyumba yako ungemfaa kabisa. Kizimba chake ni kidogo, anahitaji sehemu ya joto la nyuzi 33 hadi 35, bakuli dogo la maji na sentimita kadhaa za kitu laini cha kujifukia, na mapato yako yasingetikisika. Kasoro ni kwamba maisha yake yote ni kujifukia, macho yake madogo yakiwa juu kidogo ya mchanga, akingoja windo lipite. Wewe umeandika kwamba unataka mnyama utakayemwona jioni na kumshika mkononi. Huyu utamwona siku ya kumlisha, na siku nyingine utakuwa unatunza sanduku la mchanga. Madume wake pia wana sifa ya kugoma kula kwa miezi, jambo ambalo halimdhuru nyoka mwenye afya lakini litakunyima usingizi wewe. Kama ungekuwa unasafiri kila juma ningekwambia mchukue, tena jike. Kwa hayo uliyoyaandika, siye.

Basi nije kwa huyo wa Amerika ya Kati. Kwa miaka mingi wataalamu walimhesabu kuwa tawi la boa mkubwa wa Amerika Kusini. Siku hizi wengi humweka peke yake, kwa jina la kisayansi Boa imperator. Makao yake yanaanzia Meksiko, yanapita Amerika ya Kati yote, hadi Kolombia upande wa magharibi wa milima ya Andes. Hilo si jambo la vitabuni tu, kwa maana muuzaji anayekuonyesha boa mwenye mkia mwekundu sana bila kukwambia asili yake anaweza kuwa anakuuzia yule mkubwa wa Amerika Kusini, ambaye jike wake anaweza kupita mita 2.5 na ambaye ni mwepesi wa kucheua akilishwa vibaya. Jike wa bara wa Boa imperator hufika mita 1.8 hadi 2.4. Ni nyoka mzito, mwenye nguvu, na chumba chako kimoja hakimtoshi.

Lakini visiwani walibaki wadogo. Visiwa vya Cayos Cochinos vya Honduras vina boa wenye rangi hafifu, kijivu kinachokaribia waridi, ambao walikamatwa kwa wingi kwa ajili ya biashara hadi wakapungua sana porini. Wanaouzwa leo na wafugaji waaminifu ni vizazi vilivyozaliwa kifungoni. Belize nako kuna koo za visiwani za namna hiyo. Dume wa koo hizi kwa kawaida hukomea mita 1.2 hivi, mara nyingine hukaribia 1.5, na huyo anaishi vizuri katika kizimba chenye urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60, chenye tawi imara, kwani boa hupenda kupanda kuliko watu wanavyodhani. Unyevu wa asilimia 55 hadi 70 unamtosha, na kizimba cha plastiki chenye bakuli pana la maji kinaweza kuushika hata Januari. Upande wa joto uwe nyuzi 31 au 32, upande wa baridi nyuzi 24 hadi 26, na kila kipasha joto kiunganishwe na kidhibiti joto. Kwa hili sina mzaha: kipasha joto kisichodhibitiwa huunguza nyoka akiwa ametulia juu yake, kwa maana hana desturi ya kuondoka penye joto linalotoka chini hata likizidi.

Mkononi, boa huyu ni mtulivu na mwangalifu. Husonga polepole, hushika mkono wako kwa mkia kabla ya kuachia kitu alichokuwa amekishika, na anapozoea hutoka mwenyewe jioni kuangalia nani ameingia. Mshike kwa muda mfupi, usimwekee shingoni hata akiwa mdogo, na umwache kabisa kwa siku mbili baada ya kula. Ukimsumbua akacheua, usimlishe tena mpaka majuma mawili yapite, kwa kuwa asidi ya tumboni inahitaji muda wa kurudi.

Kuhusu chakula, panya waliogandishwa na kuyeyushwa ndio salama, kwa nyoka na kwa dhamiri yako. Panya hai anaweza kumng'ata nyoka mpaka mfupani. Unene wa panya usizidi sehemu pana ya mwili wa nyoka. Mdogo hula kila baada ya siku 10 hadi 14, na dume mzima kila baada ya majuma matatu au manne. Wafugaji wengi huwanenepesha boa kwa mapenzi, nao hufa mapema na mafuta yamezunguka moyo. Dume akigoma kula miezi ya baridi, mara nyingi ni msimu wake wa kutafuta jike. Mpime uzito, na kama haupungui sana, mwache.

Umri wake ndio niliotaka uutafakari kabla ya bei. Boa anayetunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30, na mmoja katika bustani ya wanyama ya Philadelphia alipita miaka 40 kabla ya kufa mwaka 1977. Ukimchukua mwakani, huenda ukawa naye ukiwa na miaka hamsini na kitu. Katika miaka hiyo utahama, huenda utaolewa, na Mungu akikujalia mtoto, ujue kwamba nyoka wote waweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuugua, na kwamba watoto wa chini ya miaka mitano hawashauriwi kukaa nyumba moja na wanyama wa jamii hii. Wewe ni muuguzi, kwa hiyo sitakufundisha kunawa mikono, lakini bakuli la nyoka lisiingie kwenye sinki la jikoni.

Uliuliza pia kuhusu sheria. Serikali ya Marekani iliwaweka baadhi ya chatu na anakonda wa manjano kwenye orodha ya wanyama wadhuru mwaka 2012, ikaongeza wengine mwaka 2015, na wakati huo huo ikaamua kutomweka boa kwenye orodha hiyo ingawa alikuwa amependekezwa. Hata hivyo miji na majimbo yana sheria zake, kwa hiyo waulize wa mji wako kwa maandishi, na ruhusa ya mwenye nyumba nayo iandikwe ikitaja neno nyoka, kwa maana aliyeruhusu "mnyama asiyepiga kelele" anaweza kuja kusema alidhani ni samaki. Usidhani pia kwamba utarudi naye Kenya. Boa wote wako chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, CITES, na mpaka hauvukwi bila vibali. Wala asije akaachiliwa nje na mtu yeyote. Boa walioachiliwa au kutoroka wamezaana Aruba na Cozumel, wakawala ndege na wanyama wa visiwa hivyo, na hakuna aliyeweza kuwamaliza.

Kuna ugonjwa mmoja ambao lazima umuulize muuzaji kwa jina. Unaitwa kwa Kiingereza inclusion body disease (IBD), unasababishwa na virusi viitwavyo reptarenavirusi, hauna tiba, na boa anaweza kuubeba miaka mingi akionekana mzima kabla ya kuanza kucheua, kukonda na kushindwa kugeuka akilazwa chali. Utitiri unashukiwa kuueneza kutoka nyoka mmoja hadi mwingine. Mfugaji mzuri atakuonyesha majibu ya vipimo vya damu vya wazazi wa nyoka, na hatakasirika ukiomba. Anayekasirika, mwage. Mtazame nyoka mwenyewe pia: macho safi, pumzi isiyo na sauti, magamba yasiyo na vidoa vyeusi vinavyotembea, na tumbo lisilo na makovu. Chukua aliyepita mwaka mmoja na anayekula panya walioyeyushwa. Mtoto mchanga ni rahisi zaidi kwa bei, lakini utakuwa umelipia wasiwasi.

Usimwagize wakati wa baridi. Wafugaji wa huko husafirisha nyoka kwa vifurushi vya usiku mmoja, na kifurushi kikichelewa kwenye theluji hakuna atakayekurudishia uhai. Ngoja Mei. Kwa sasa nunua kizimba, kifunge, weka vipimajoto viwili na kipima unyevu kimoja, ukiwashe kikiwa kitupu kwa majuma mawili, na uandike namba asubuhi na usiku, hasa siku za zamu ndefu. Tafuta pia daktari wa wanyama anayetibu nyoka, maana si kila daktari wa mbwa atakubali kumgusa. Namba hizo nitumie kabla hujamlipa mtu yeyote hata senti, na kama zitakuwa zinapanda na kushuka tutatazama kwanza kizimba, nyoka baadaye.

Wako akupendaye,
Mama