Kuni kavu kwanza, jiko baadaye

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: “Nyumba yako unaipashaje joto msimu huu wa baridi, na unamshauri nini anayetaka kununua jiko la kuni?” Ninaishi Molo, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Julai ukungu hutushukia mapema jioni, na sare za shule hukaa kambani siku tatu bila kukauka.

Miaka mingi tuliota moto wa jiko la makaa. Tulikuwa tukiliwasha nje, moshi ukiisha tunaliingiza chumbani, tukiamini makaa mekundu yasiyo na moshi hayana madhara. Usiku mmoja binti yangu aliamka kwenda msalani, akaanguka mlangoni. Nilipoinuka kumshika, miguu ilikataa kunibeba. Mama mkwe wangu, aliyelala chumba cha pili, ndiye aliyesikia kishindo, akafungua milango yote na kututoa nje mmoja mmoja. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Tangu siku hiyo jiko la makaa halijavuka tena mlango wa chumba chetu, na namsihi kila mzazi anayesoma haya afanye vivyo hivyo leo, asingoje kesho.

Ndipo tukatafuta jiko la kuni la chuma, lenye mlango na bomba la kupeleka moshi juu ya paa. Fundi wa jua kali mjini Nakuru alituchomelea. Kosa langu lilikuwa kutaka jiko kubwa. Sebule yetu ni futi 12 kwa 14. Jiko likishika moto sawasawa joto lilituzidi, basi tukawa tunaliziba hewa. Moto ulionyimwa hewa hauwaki, unafuka tu. Baada ya miezi miwili maji meusi yenye kunata kama lami yalianza kuchuruzika kwenye viungio vya bomba. Utando huo ukigandamana ndani, siku moja hushika moto na kuunguza paa. Tulimrudia fundi, akatutengenezea dogo la nusu yake, nalo tunaliacha liwake kwa raha yake. Bomba tumelipitisha mbali na mbao za dari, kichwa chake kikizidi kilele cha paa, na kila Mei tunalikwangua masizi.

Lakini jiko liwe zuri kiasi gani, halifui dafu mbele ya kuni mbichi. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake maji, na moto hulazimika kuyachemsha hayo kwanza. Utaona povu likitoka kwenye ncha ya gogo, unasikia chiii, moshi umejaa bomba na nyumba bado ni baridi. Sisi hununua mabanzi ya viwanda vya mbao vya Elburgon pamoja na magogo ya mkaratusi mwezi wa Januari, jua likiwa kali. Magogo hupasuliwa siku hiyo hiyo, kwani gogo zima hukauka polepole mno. Kuni hizo tunazipanga juu ya mawe, mabati juu, pande zote wazi upepo upite. Kuni tunazochoma Julai hii zilipasuliwa mwaka jana. Mama mkwe huzipima kwa kugonganisha vipande viwili: kikavu hulia ko, kibichi sauti yake hufia ndani. Mimi hutazama nyufa kwenye ncha. Sipresi hushika haraka, nzuri ya kuwashia. Mkaratusi na miwati ndiyo ya kulala nayo.

Majivu tunayatia kwenye debe la chuma lenye kifuniko, nje, mbali na ukuta, siku mbili kabla ya kuyapeleka kwenye sukuma wiki. Asubuhi moja niliyakoroga kwa kijiti nikakuta kaa dogo la juzi usiku, bado jekundu.

Msomaji wenu, Molo