Mzigo Upo Kariakoo, Kuufikisha Bunju Ndo Kazi: Majibu ya Maswali Yenu

Wiki hii maswali karibu yote yameangukia sehemu moja, stoo na delivari, nadhani ni kwa sababu siku hizi mtu ama anauza mtandaoni, ama ananunua, ama ndo boda anayezunguka na mizigo ya hao wawili. Majina nimeyaacha na maswali marefu nimeyakata. Twende.

Nauza magauni nikiwa Mbagala. Gauni ni 18,000, mteja yuko Bunju, boda anataka 10,000. Mteja akisikia hivyo anapotea. Hawa boda si wanatuibia? (Mama wa magauni, Mbagala)

Hapana mama, hawakuibii. Mbagala mpaka Bunju umevuka jiji zima, kusini mpaka kaskazini, na huyo kijana ametoka na mzigo mmoja tu, amekula foleni, alafu anarudi mtupu, kwahiyo kwenye hiyo elfu 10 kuna mafuta ya kwenda na kurudi, kuna muda wake ambao angebeba abiria watatu wanne, na kuna hatari ya mteja kutopokea simu akifika. Bei ya delivari haishuki kwa kubembeleza, inashuka pikipiki ikijaa.

Angalia wanaotuma mizigo mingi wanavyofanya. Dar imekaa kama vidole vya mkono, kuna njia ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa, kukatiza kutoka kidole kimoja kwenda kingine ndo kunaua muda. Wao wanapokea oda mpaka saa tano asubuhi tuseme, wanazigawa kwa njia, boda mmoja anaondoka na mizigo minane ya Mwenge, Tegeta mpaka Bunju, kila mteja analipa 3,000 au 4,000 na boda anarudi na hela nzuri kuliko ile 10,000 yako. Wewe peke yako huna oda nane za Bunju kwa siku, najua, ndo maana inabidi uungane na wauzaji wenzako au utafute boda anayekusanya mizigo ya watu wengi. Au panga siku, Bunju ni Jumanne na Ijumaa basi. Mteja wa gauni atasubiri ukimwambia mapema. Wa keki ndo hasubiri.

Nauza viatu Insta tu, sina duka. Nichukue fremu Kariakoo au nikodi chumba cha stoo Kimara kwa bei ya chini? (Kijana wa viatu, Sinza)

Mdogo wangu, kwanza niambie viatu ni vyako au vya duka la mtu? Mana kiukweli wauzaji wengi wa Insta hawana stoo yoyote, stoo yao ni Kariakoo nzima. Mtu anapiga picha dukani, anaposti, oda ikiingia ndo anampigia winga, yaani dalali wa Kariakoo, achukue mzigo, winga anaweka cha juu chake na boda anaondoka. Kodi ni sifuri. Gharama yake unaionea kwingine, umeshapokea hela ya mteja alafu unaambiwa namba 42 iliisha tangu asubuhi. Kama we ni wa hivyo, fremu haikuhusu na stoo haikuhusu, unachohitaji ni mtu mwaminifu anayeshinda Kariakoo kila siku.

Kama unaingiza mzigo wako mwenyewe, hapo tuongee. Fremu ya chini Kariakoo unalipia sura za wapita njia, kuna kilemba, ile hela ya kupewa fremu nje ya kodi, kuna kodi ya miezi mingi mbele, na wewe wateja wako wako kwenye simu, hawapiti pale. Hiyo hela unaichoma. Ndo maana ghorofa za juu kule zimekuwa stoo tupu, ghorofa ya tatu au ya nne hakuna mteja wa kupanda, lakini mzigo unapandishwa na makuli mara moja na kushuka kidogokidogo, watu wamekaa humo na simu zao, mashine ya risiti na selotepu, wanafungasha kutwa. Huko nje makampuni makubwa yanatafuta majengo madogo katikati ya miji yayageuze maghala ili mzigo uwe karibu na mteja. Sisi tumefika hukohuko bila mchoro wala kikao.

Tatizo ni kwamba bila mchoro ni bila mchoro kweli. Nafasi Kariakoo imekuwa lulu mpaka watu wanachimba chini na kupandisha juu. Soko kuu liliungua Julai 2021. Novemba 2024 likaanguka jengo la ghorofa, watu zaidi ya 20 wakafariki, na taarifa za wakati ule zilitaja kazi ya kuchimba chini ya jengo iliyokuwa inaendelea. Kwahiyo kabla hujalipa angalia ngazi, je zimejaa mabokisi? Angalia nyaya. Uliza nani mwingine yuko ghorofa hiyo na anaweka nini, viatu vyako vyepesi lakini jirani akiwa anajaza vigae ni habari nyingine kabisa. Na chukua bima ya moto, najua hamzipendi bima.

Kimara sasa. Fungua oda zako za miezi miwili uone zilienda wapi. Kama nyingi ni za mikoani Kimara inaipiga Kariakoo vizuri tu, mana tangu 2021 mabasi ya mikoani yalihamia stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis na we utakuwa jirani yao. Kama nyingi ni Ilala, Kinondoni na Temeke, baki katikati hata kama chumba ni kidogo.

Si tuliwekewa namba za nyumba? Mbona boda bado ananipigia simu mara tano? (Mkazi, Goba)

Zoezi la anwani za makazi lilifanyika kweli 2022, nguzo za majina ya mitaa zikasimama na programu ya simu ya kutafuta anwani, NaPA, ipo. Ila mteja mwenyewe hajui namba ya nyumba yake, muuzaji hamuulizi, boda naye amezoea "ukifika kanisani nishtue". Anza wewe, weka namba yako ya nyumba na lokesheni ya WhatsApp kwenye oda, simu zitapungua zibaki moja au mbili. Zikiisha kabisa nitashangaa.

Huku Nairobi mzigo unaachwa kwa wakala mtaani na unaufuata ukitoka kazini, shilingi mia na kitu. Dar mnakwama wapi? (Msomaji, Kasarani)

Swali zuri hili na linauma kidogo. Wenzetu mlipata muda mrefu wa kuzoea. Jumia, duka la mtandaoni, walianza 2012 kule Lagos, Kenya wakakaa na bado wapo na vituo vya kuchukulia mizigo, Tanzania walifunga Novemba 2019. Kilimall, duka jingine la mtandaoni, nayo ni ya hukohuko kwenu tangu 2014. Kwahiyo mnunuzi wa Nairobi ameshazoea kufuata mzigo wake, alafu wakaja Pickup Mtaani na wenzao wakautumia mtindo huohuo kwa wauzaji wadogo wa Insta, duka la kawaida tu linapokea vifurushi na kupata kamisheni.

Hesabu yake ni nyepesi. Mlango kwa mlango, vifurushi 40 ni vituo 40, simu 40, na watu kadhaa watasema njoo kesho. Kwa wakala ni kituo kimoja na gari limeondoka. Kile kipande cha mwisho ambacho ndo ghali kuliko vyote mteja anakitembea mwenyewe kwa miguu, bure.

Ila msijisifu sana, Copia, kampuni ya huko Kenya ya kuuza bidhaa kwa oda, nao walikuwa na mawakala kila kona, walianza 2013, na Mei 2024 wakaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Wakala anapunguza gharama ya kufikisha, hawezi kuokoa biashara ambayo kila oda ina faida nyembamba. Na nyuma ya wakala lazima pawe na ghala la kuchambulia vifurushi, nyie mna maghala ya kisasa Tatu City na Tilisi nje ya Nairobi, malori yanaingia na kutoka bila kugusa katikati ya mji. Huku kwetu uchambuzi unafanyikia barazani.

Dar tuna mawakala wa pesa kila baada ya hatua 20, wana kibanda, wanaaminika mtaani na wanakaa mpaka usiku. Vifurushi viwili vitatu kwa siku vingewaongezea kipato. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaunganisha na kubeba lawama mzigo ukipotea, na hiyo ya lawama ndo inayowakimbiza wengi.

Naagiza China kwa meli. Naambiwa kontena limefika Dar, alafu wiki nzima sipati mzigo. Wananizungusha? (Mama wa vyombo, Tabata)

Inawezekana, lakini mara nyingi sivyo dada. Mzigo wako ulifika kwanza kwenye ghala la wakala Guangzhou, ukaandikwa alama yako, ukapimwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, ukasubiri kontena lijae na mizigo ya watu wengine kibao. Sasa "kontena limefika" maana yake meli imefika. Bado kushushwa, bado forodha, na hapo mtu mmoja ndani ya kontena akidanganya aina ya mzigo wake mnasubiri wote, alafu lisafirishwe mpaka ghala la wakala, lifunguliwe, mabokisi yachambuliwe kwa alama. Hiyo kazi ya kuchambua ndo watu hawaihesabu kabisa. Muulize wakala wako maswali mawili: kontena limetoka bandarini? Limefunguliwa? Akijibu "bado kidogo" yote mawili, basi ujue.

Kitu cha kufuatilia ni kwamba biashara ya China inasogea kuelekea barabara ya Morogoro. Pale ilipokuwa stendi ya Ubungo sasa ni kituo cha biashara na usafirishaji cha Afrika Mashariki, EACLC, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichozinduliwa 2025, na bandari kavu, pa kupokelea makontena mbali na bahari, iko Kwala kule Pwani. Mizigo ikianza kuhifadhiwa kwa wingi upande huo, Kariakoo itabaki na rejareja na mawinga. Mi naona itachukua miaka, Kariakoo haihami kirahisi.

Nikiagiza nguo Dar, ni salama kupitia basi? (Mwalimu, Songea)

Salama kuliko unavyodhani mwalimu, basi ndo kampuni yetu ya vifurushi ya taifa japo hakuna aliyeitangaza. Pitisha ofisi ya basi, usimkabidhi konda mkononi. Jina na namba ya simu viandikwe kwa maka peni juu ya mzigo wenyewe, siyo kwenye kikaratasi, muuzaji akutumie picha ya risiti na namba ya gari. Na ufuate siku ileile, ofisi nyingi za stendi ni chumba kidogo na mzigo uliolala ndo unaokanyagwa.

Nimefika, mteja anasema kiatu hakijampendeza, harudishi hata nauli. Nani ananilipa? (Boda, Tabata)

Muuzaji. Wewe hukuuza kiatu, umeuza safari na safari umeifanya. Wauzaji msininunie, anayemruhusu mteja alipe baada ya kuona mzigo amechagua mwenyewe kubeba hiyo hatari, hawezi kumtupia mtu wa pikipiki. Mnaotaka kuipunguza, mteja atangulize nauli kwa simu na bei ya kiatu alipe akikiona, asiyetaka kutanguliza 4,000 hakuwa na nia ya kununua. Kaka, kabla hujawasha pikipiki muandikie muuzaji meseji: mzigo ukikataliwa nalipwa nauli ya kwenda na nusu ya kurudi. Akijibu sawa, ondoka. Akikaa kimya, mwachie mzigo wake.