Usemi taarifa wa Kiingereza: jedwali la nyakati halitoshi

SWALI: Mwanangu yuko sekondari hapa Likoni. Jedwali la kugeuza usemi halisi (maneno yenyewe ya msemaji) kuwa usemi taarifa (kuyaripoti), lile la kurudisha kitenzi wakati mmoja nyuma, amelikariri lote, lakini mtihani wa Kiingereza umemshinda. Aliandika: “The conductor asked me where was I going?” Kitenzi si amekigeuza sawasawa? Amekosea wapi? – Mzazi, Likoni

JIBU: Kitenzi ni sawa, mzazi. Kilichomponza ni mpangilio. Katika “Where are you going?”, “are” imetangulia “you” kwa sababu ni swali. Likisharipotiwa si swali tena: mtenda anatangulia, kitenzi kinafuata, na alama ya kuuliza inaondoka. “The conductor asked me where I was going.”

Pacha wa kosa hili ni “did”. Makanga akiuliza “Did you pay?”, wanafunzi huandika “He asked me if did I pay”. Hiyo “did” hutupwa, na wakati uliopita ukabebwa na kitenzi chenyewe: “He asked me if I had paid.” Swali la ndiyo au la huunganishwa kwa “if” au “whether”. Lenye “where” au “why” linajitosheleza, asichomeke “that”.

Kabla ya kugusa jedwali, ajiulize: nani kasema, kamwambia nani, wapi, lini? Chukua hii: Salma said to Juma, “I lost my phone here yesterday.” “I” ni Salma, basi ni “she”, na “my” ni “her”. “Said to” inakuwa “told”, “lost” inakuwa “had lost”, “here” inakuwa “there”, “yesterday” inakuwa “the day before”. Jibu: Salma told Juma that she had lost her phone there the day before. Wengi hugeuza kitenzi wakaisahau “yesterday”, alama ikaenda na maji. Wengine huandika “said Juma that”, ambayo haipo kabisa.

Jedwali lenyewe lina mipaka. “Would”, “could”, “should” na “might” hazibadiliki. Ukweli wa kudumu waweza kubaki ulivyo: “The teacher said that the moon causes tides.” Kitenzi cha kuripoti kikiwa cha wakati uliopo, kama “She says”, kitenzi hakirudi wakati wa nyuma. Hata “here” hubaki ikiwa anayeripoti yuko pale pale maneno yaliposemwa. Ila mtihani usipotaja mahali, abadilishe tu; ndivyo msahihishaji anavyotarajia.

SWALI: Na amri je? Kwa mfano, “Don’t stand near the ramp,” the guard told us. – Mwanafunzi, Kisauni

JIBU: Amri haina wakati wa kurudisha nyuma. Tumia “to” na kitenzi; ikiwa ni katazo, “not” hutangulia “to”: “The guard told us not to stand near the ramp.” Usiandike “told us that don’t stand”. Kukiwa na “please”, neno hilo linaondoka na “told” inakuwa “asked”.